Usikisie

Aliniachia funguo, bili ya simu, na nyoka.
"Mama, ni miezi mitatu tu," akasema Idarusi,
akapanda treni ya kusini na begi moja,
nami nikabaki Dundee, ghorofa ya tisa,
na chatu mdogo aitwaye Kiazi
kwa namna anavyojiviringa akiogopa.

Kwetu nyoka hapewi jina, hupewa fimbo.
Na giza likiingia huitwa kamba,
asije akasikia, akafika.

Maagizo yamebandikwa kwenye friji:
upande wa moto, nyuzi thelathini na mbili;
upande wa baridi, ishirini na sita, zisishuke;
unyevu, asilimia sitini,
akikaribia kujivua, sabini.
Chini, kwa wino mwekundu:
MAMA, USIKISIE. PIMA.

Mimi nimepika wali miaka arobaini kwa kukisia.
Maji kwa pingili ya kidole,
chumvi kwa kiganja,
homa ya huyuhuyu Idarusi kwa mgongo wa mkono.
Leo napiga magoti mbele ya sanduku la kioo,
miwani puani,
nasoma tarakimu ndogo kuliko chawa.

Novemba alikuja mkaguzi wa nyumba na kifaa chake,
akakigusisha ukutani, kikalia.
"Unyevu umezidi humu. Fungua madirisha."
Nyuma yangu kipimo cha Kiazi kilisema arobaini na moja.
Nyumba moja hii:
ukuta unaota kuvu,
nyoka anakosa umande.
Nikafungua dirisha. Mkaguzi akaondoka. Nikafunga.
Nikaziba nusu ya wavu wa juu kwa foili ya kuchomea samaki,
nikasogeza bakuli la maji karibu na taa,
nikanyunyiza asubuhi na jioni, kidogo tu,
maana Callum wa duka la wanyama alinionya:
sanduku likilowa mno, kifua kitakoroma,
magamba ya tumbo yataoza.
Kukavu ni kosa, chepechepe ni kosa.
Nimewahi kuwa na mama mkwe wa namna hiyo.

Januari. Mita ya umeme imebaki na pauni moja na peni kumi.
Duka la kujazia limefungwa, barafu imekamata barabara.
Nikazima hita yangu.
Nikavaa sweta mbili na soksi za Idarusi,
nikavuta kiti hadi kwenye kioo,
kwa kuwa jua lililobaki mtaa mzima lilikuwa mle ndani.
Themostati ikalia tik.
Tukatazamana kitambo,
yeye akionja hewa kwa ulimi,
mimi nikionja chai iliyopoa.
Sikusema neno la mapenzi.
Nilisema, "Wewe kamba, unanilia umeme."

Kisha macho yake yakaingia maziwa,
rangi ikafifia kama shuka la hospitali.
Nikachukua kopo la aiskrimu, nikalitoboa mlango,
nikalijaza kuvumwani iliyokamuliwa maji,
akaingia mwenyewe, bila kuambiwa.
Sitini na nane. Sabini. Sabini na mbili.
Saa nane za usiku niliamka kusoma tarakimu
kama nilivyokuwa nikiamka zamani
kusikiliza pumzi ya mtoto mwenye pumu.

Kujivua gamba nakujua kwa wanasiasa:
hutangazwa kwa tarumbeta,
na kesho yake gamba lipo palepale, limepakwa mafuta.
Huyu hakutangaza.
Alhamisi nilikuta soksi ndefu, nyepesi,
imepinduliwa nje ndani,
nzima tangu pua hadi ncha ya mkia,
na vifuniko vya macho vyote viwili,
safi, kama vioo vya saa ya mwanasesere.

Nikaitandaza juu ya meza, nikaleta futi ya cherehani.
Sentimita mia moja na nne.
Nikaikunja polepole ndani ya bahasha,
nikaandika anwani ya Idarusi,
na kabla sijalamba gundi
nikatia kijikaratasi chenye neno moja:

Sikukisia.