Samaki Aliyepanda Kitonga

Juni, Mwanjelwa, saa moja na nusu asubuhi,
mdomo wa kila mtu unafuka kama birika,
na Subilaga bado amechomeka friza lake ukutani.
"Baridi yote hii, umeme wa nini?"
"Wageni hawa," anajibu, "hawajazoea."

Wageni wenyewe ni vibua,
wamelala ubavu kwa ubavu ndani ya boksi
lenye maandishi ambayo hata mwanangu wa kidato cha tatu
ameyageuza juu chini akayaacha.
Wamevuka bahari ambayo mimi sijaiona,
wakashushwa Dar, wakapakiwa tena,
wakapita Mikumi usiku,
wakapanda Kitonga nyuma ya lori la saruji,
Makambako wakangoja tairi libadilishwe.
Mimi na miaka yangu arobaini na sita
nimeishia hapo hapo Makambako, tena msibani.
Samaki maiti amenizidi kutembea.
Na bado ni elfu tatu kwa kilo.

Kwenye beseni la bluu, juu ya jani la mgomba,
yupo mbasa mmoja.
Njia yake naijua kona kwa kona:
Ipinda, Kyela, Tukuyu, ukungu wa Kiwira.
Jana jioni alikuwa anakunywa maji ya Matema.
Elfu kumi na nane.
"Mbona wa jirani ndiye ghali?"
Subilaga anapangusa mizani isiyo na vumbi.
"Wa mbali wako wengi, dada.
Wa jirani wamebaki wa kuhesabu."

Ningechukua vibua nikaenda zangu.
Lakini nyumbani yupo mama,
amepandishwa kutoka Lusungo kwa ajili ya jicho,
na jicho limefungwa bandeji, ulimi umeachwa wazi.
Jumanne nilimkaangia kibua, nikamzika kwenye nyanya,
nikasema, samaki wa ziwani, mama.
Akatafuna mara mbili.
"Ziwa gani lina chumvi?"

Basi nikatoa hela ya gesi,
nikambeba mbasa kwapani, ndani ya gazeti,
nikipita katikati ya soko kifua mbele
kama mtu aliyelipa kodi.

Jikoni nikampasua.
Yakamwagika mayai,
ya manjano, mengi kuliko punje za mchele kwenye debe,
yakaning'ang'ania vidole.
Nikakumbuka mbasa hupanda mto kutaga,
na mlangoni mwa mto kuna wavu,
na nyuma ya wavu kuna basi la kwanza la Kyela,
na nyuma ya basi niko mimi na pochi yangu.
Nilidhani nimenunua cha nyumbani.
Nimenunua na cha mwakani,
na cha mwaka ule wa baada yake,
vyote kwa elfu kumi na nane.
Rahisi, ukipiga hesabu.

Pua ya mama nayo haikufungwa bandeji.
"Hayo mayai usitupe!" akaita kutoka sebuleni.
"Weka na ndizi, chumvi kidogo.
Marehemu baba yako alikuwa ananiachia mimi."
Akala yote. Akalamba vidole kimoja kimoja,
hata kile cha pete.
Sijamwona akila hivyo tangu tumzike mzee.
Mimi nilichokonoa kichwa, nikakosa la kusema.

Jumamosi nimerudi.
Subilaga anampimia vibua mke wa fundi baiskeli,
kilo mbili, watoto saba, chenji hakuna.
Beseni la bluu limelala kifudifudi.
"Leo hakuja," anasema,
kama anayemzungumzia mpangaji.
"Na wewe kwako unakula yupi?"
Anacheka bila kunitazama, anafunua friza,
mvuke wake unapanda, unakutana na pumzi yangu,
sijui tena upi wa nani.
"Nipimie nusu," nasema.
"La chumvi nitalijibu mwenyewe."