Oktoba, Sisimba

Leo jiko la mkaa limelala nje.
Tangu Juni lilikuwa mtu wa sebuleni.
Mablanketi yameanikwa ukutani,
yanatoa moshi wa Julai.

Subilaga kavua soksi,
anakanyaga saruji ya baraza
kama anayeonja uji kwa kidole.

Tukashuka mjini kwa miguu,
sweta nimelifunga kiunoni:
jua hili sijaliamini bado.
Maua ya mijakaranda yamejaa barabarani;
fundi viatu anayapangusa mezani,
yanarudi, anayapangusa,
mwisho kayaacha.

Tulinunua njegere za kumenya,
hatukuzimenya.

Jioni mlima Loleza ulibaki wazi hadi kileleni,
hauna ukungu wa kujifunika.
"Ingieni ndani, baridi!" mama akaita kwa mazoea,
kisha akatoka mwenyewe,
na kigoda chake.