Kwa Niaba

Naanza na wasifu wa kwanza, naupaka samawati,
nauita Ureno.
Kivinjari kinauliza mwenyeji. Nabandika tarakimu.
Bandari?
Hapo mimi hucheka.
Ghorofa ya tatu, Tudor, juu ya cherehani za Mzee Kassamali,
usiku mji ukinyamaza nasikia honi za bandari ya kweli,
ile ya makontena,
na hapa natakiwa niandike elfu nane na themanini.

Wa pili kijani: Poland. Wa tatu manjano: Manila.
Kila mmoja na vidakuzi vyake, chungu chake,
mchuzi wa huyu usionjwe na yule.
Kila mmoja na saa yake. Nikisahau saa, mtego unafyatuka:
Mpolandi gani huyu anayeamka na majogoo ya Mombasa?

Kazi yenyewe ndogo, nayo halali.
Natazama kiatu kimoja nikiwa miji mitatu,
kiatu kilekile, kamba zilezile,
nanakili bei. Hazifanani.
Kumbe hata kiatu hutazama kwanza unakotoka
ndipo kikatamka thamani yake.

Mama aliuliza proksi ni mdudu gani.
Wakala, nikamwambia.
"Wa kutoa pesa?"
Hapana. Wa kwenda mlangoni badala yako,
akabisha, akapokea, akakuletea,
mwenye nyumba asiujue uso wako.
Mama akaendelea kupeta mchele.
"Ah," akasema. "Kama Abushiri."

Sikuwa nimemtaja Abushiri,
ami yake Ghalib, aliyekaa mkekani Ijumaa ile
kanzu imekakamaa kwa wanga,
akashikwa mkono na baba yangu, akajibu:
nimeikubali ndoa yake kwa niaba ya Ghalib.
Ghalib alikuwa Jubail, zamu ya usiku, simu imezima.
Mimi chumbani nikaisikia sauti ya mzee wa miaka sabini
ikinikubali,
na vigelegele vikapanda ukutani.

Miaka miwili.
Huja kwa sauti, huja kwa pesa,
huja kwa picha ya sahani ya wali.
Muunganisho umefaulu.

Leo nimefungua wasifu wa nne, mweupe. Wangu.
Nimeuwekea anwani ya Jubail;
nilitaka tu kuona bei anayoiona yeye.
Nikaenda kwenye ukurasa wa kupimia: uko wapi?
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Jubail, ukasema.
Na chini yake, kwa herufi za chawa:
inavuja. Mombasa.

Kuna kitufe cha kuziba. Najua kilipo,
nimewazibia wateja wote watatu.
Mkono umebaki juu ya kipanya,
cherehani za chini zinanyamaza moja moja,
mama anaita, wali umeiva,
na ile Mombasa ndogo, ya kijivu, pembeni mwa kioo,
inakataa kusemewa.