Chupa Ishirini na Tano

Kabla ya kupambazuka Ushuaia
Yanina amekwisha jaza mashine ya tatu:
majaketi ya wageni wa meli, wanaokwenda kutazama barafu,
mepesi, laini kama tumbo la paka,
yanayokauka upesi kuliko chai inavyopoa.

Ndani ya ukosi mmoja kuna lebo ya majigambo:
Mimi nilikuwa chupa ishirini na tano.
Husoma kwa sauti, kisha huguna.
Chupa ukiikuta njiani, asema, unainama, unaiokota.
Hii nitaiinamia wapi?

Kwa maana maji hutoka ya zambarau,
yana vumbi lisilo vumbi,
nyuzi fupi kuliko kope za mtoto mchanga,
na bomba, lisilouliza, huyateremsha mpaka baharini,
kule shemeji yake Lautaro anakotega kaa.

(Kaa mmoja, Pasaka iliyopita. Nélida alimpasua
akakuta tumboni kifundo cha buluu.
Akakiinua dirishani: "Yanina, huyu si mteja wako?"
Walicheka. Walimla hata hivyo, kwa limau.)

Akafunga soksi ya nailoni kwenye mdomo wa bomba.
Plastiki kuchuja plastiki: mwizi mlinzi wa ghala.
Siku mbili tu ikajaa, nene kama panya aliyelowa,
maji yakarudi sakafuni, Don Evaristo akafoka:
meli haingoji mtu!
Soksi ikafunguliwa.
Huifunga tena mzee akienda kulala mchana.

Naye asijitakase: analo moja, la kijani,
aliloachiwa na Mjerumani aliyeelemewa na mizigo.
Poncho la bibi huwasha shingo,
likilowa ni kondoo mzima mgongoni.
Hili humkumbatia kituoni akingoja basi.
Baridi haijui hoja.

Lakini zile nyuzi, azipeleke wapi?
Jalalani, upepo wa huku haubishi hodi.
Alipozitia motoni zilinuka nywele za mwanasesere.
Basi huzikausha juu ya hita,
huzishindilia kwa kijiti ndani ya chupa ya soda,
ya plastiki, lita moja na nusu,
huisukuma chini ya kitanda.

Jana usiku alikaza kifuniko cha ile ya kwanza.
Akaitikisa sikioni.
Haikutoa sauti.
Akaenda kusuuza ya pili.