Kisiwa Tulichokisikia

Tulipanga visiwa vitano kwa siku sita.
Shemsa aliviandika kwa wino wa kijani
kwenye daftari la kliniki, nyuma ya orodha ya chanjo,
kila kisiwa na kijisanduku chake cha tiki.
Kombo akasema vitano ni vichache, tuweke saba.
Hiyo ilikuwa Glasgow, jikoni, kwenye joto,
kiporo kikipashwa, na ramani haina upepo.

Gurudumu lilipasuka Tyndrum.
La akiba lilikuwa na pumzi
kiasi cha mgonjwa anayeaga.
Kombo, mwenye gari, akaitazama milima
kama anayetafuta wa kumsingizia.
Tukafika Oban feri imeshageuza mgongo,
nyeusi chini, nyeupe juu,
ikiondoka bila hata honi ya pole.

Tulilala garini. Wanne na sufuria.
Usiku Nyanjige alicheka usingizini,
asubuhi akakataa kutuambia kwa nini.

Gari likabaki kwa fundi. Tukavuka kwa miguu,
yaani sisi; begi langu nililipakia
kwenye toroli isiyokuwa yetu
likaenda Barra peke yake,
na soksi zangu zote, na tangawizi.
"Basi Barra tumefika," nikasema.
Shemsa akafunika kalamu yake:
begi si mtu.

Mull, weka tiki.
Mvua ya Mull haishuki, inakuja ubavuni,
kama mdai aliyekuvizia kona ya duka.
Manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe,
tulimaliza msamiati kabla ya saa nne asubuhi
tukabaki kusema "hii", na "hii tena".
Hema tulilonunua kwa bei ya kutupa
lilitupwa:
tuliliona likipaa juu ya kondoo,
la rangi ya chungwa, limefura kwa furaha,
na kondoo hawakuinua hata kichwa.

Bibi Ishbel alitufungulia mlango saa tano usiku.
Hakuuliza tunatoka wapi.
Aliuliza nani ana miguu iliyolowa zaidi,
akampa huyo kiti cha karibu na moto.
Kilikuwa changu. Nilivaa soksi za marehemu mumewe,
za sufu, ndefu, zenye kiraka kisigino.

Iona nayo, tiki, ingawa tuliipita mbio
kwa sababu mashua ya kurudi ingekuwa ya mwisho
na bahari ilikuwa imeanza kusema peke yake.
Kombo alitapika kwa heshima, akielekea upepo unakokwenda.
Nyanjige alimshika ukosi wa koti
kama unavyomshika mtoto dirishani.

Sijasema: Nyanjige alikuwa anahama.
Halifax, kazi ya maabara, tiketi ya tarehe tisa.
Hakuna aliyelitaja hilo tangu Glasgow.
Tulitaja mvua.

Siku ya mwisho Fearchar, mwenye mashua ndogo,
alikubali kutupeleka kisiwa ambacho jina lake
hata leo linanivunjikia mdomoni.
Ukungu ukashuka tukiwa katikati.
Ukungu ule, ungeweza kuegemeza baiskeli.
Mawimbi hayakutaka tushuke. Akazima injini.
"Pale," akasema, akinyoosha kidole
kwenye weupe uliofanana na weupe mwingine wote.

Tukanyamaza.
Mbwa alibweka, mara mbili, bila nia.
Mtu alikuwa akigongelea msumari,
akasimama, akaugongelea tena, haukuwa umenyooka.
Kisha mwanamke akaita jina la mtoto,
akalivuta silabi ya mwisho
vile vile anavyoitwa mtoto popote chakula kikiiva,
na mtoto, vile vile, hakuitika.

Nyanjige akacheka. Kicheko kile kile cha garini.
Nikamtazama; akatikisa kichwa.

Tulikaa hivyo dakika kumi, labda zaidi,
mashua ikipanda na kushuka, mikono makwapani,
tukisikiliza watu ambao hawakujua tupo.

Shemsa akatoa daftari. Wino wa kijani
ulikuwa umeyeyukia kwenye chanjo,
surua imeingia Mull, polio imeingia Barra.
Akatafuta kijisanduku cha tatu, hakikuwepo.
Akachora kingine, kwa mkono unaotetemeka kwa baridi,
akaweka tiki.