Bawaba

Barua ya halmashauri ilikaa wiki tatu
chini ya bakuli la mayai.
Heulwen hakuwa na haja ya kuisoma.
Kutoka jikoni aliziona mwenyewe zile onnen mbili za njiani
zikinyonyoka utosini kama jogoo mgonjwa,
majani yakidondoka mwezi wa Julai
na kijani chake bado.

"Ni kuvu," nikamwambia. "Imeingia bonde zima."
"Najua ni kuvu. Nakuuliza bei."

Nikataja bei. Akacheka, akakata theluthi,
tukapeana mikono juu ya makombo ya mkate.

Jumatatu, baridi kavu.
Niliuzunguka wa kwanza mara mbili,
nikatazama juu, nikatazama juu tena,
kwa maana mti mzima huanguka unapoambiwa,
bali mti uliokufa kichwani hauna adabu:
hukutupia tawi kabla hujabisha hodi.
Baba aliniachia msumeno, kabari tatu,
na hadithi ya bega lake la kushoto.

Unaukata mdomo kwanza, kule unakotaka ulale.
Kisha unauendea kwa nyuma, polepole,
na hukati ukamaliza.
Unabakiza ukanda, upana wa vidole viwili;
huo ndio tunaouita bawaba,
na juu yake shina lote, tani saba,
linageuka kama mlango
unaofungwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Wa kwanza ukafungwa hivyo.
Ardhi iliruka. Ndani, kikombe kililia kwenye kisahani chake.
Wa pili ukaufuata kabla ya chai.

Ni wakati wa kuukata vipande ndipo msumeno ulipopiga yowe
ambalo sijawahi kulisikia,
cheche ndani ya unga mweupe,
na mnyororo ukabaki kibogoyo.

Gogo haliendi ila kwa nyenzo;
tukalibingirisha kwa miti miwili, mimi na yeye,
yeye ndani ya buti za marehemu, soksi tatu tatu.
Kabari. Nyundo.
Likafunguka wima, kama lilivyoota,
maana onnen haina kinyongo na shoka.
Na pale kati, ndani ya doa la rangi ya wino,
bawaba.
Ya chuma. Ya lango.

"Ya Idwal," akasema.
"Aliipigilia hapo mwaka aliponioa.
Nguzo ni ghali, alisema, mti upo bure.
Nikamwambia mti utalila hilo lango lako.
Tuligombana mpaka viazi vikaungua."

Akavua glavu. Akahesabu pete kwa ukucha,
kutoka gomeni kurudi ndani,
midomo ikienda bila sauti,
akapotea, akaanza upya.
Arobaini na sita.
"Nilikwambia," akasema,
wala hakuwa akinitazama mimi.

Kuni nyingine hutaka miaka miwili chini ya paa.
Hii huwaka hata ikiwa mbichi,
na jioni ile ile moshi ulitoka kwake
mwembamba, ulionyooka,
nikauona nikiwa barabarani, gari likiwa limejaa matawi.

Nilirudi Februari kudai salio.
Rundo lilikuwa limeshuka hadi magotini.
Bawaba ilikaa dirishani, imepakwa mafuta,
bado inagoma kufunguka.
Na mwanga! Mwanga mwingi, usio na haya,
ulifika hadi nyuma ya kabati
ukaanika vumbi la sahani
ambazo miaka yote, alisema, alidhani ni safi.

"Nimeagiza pazia."
Akatupa kipande kingine motoni,
akanihesabia noti mezani, moja moja,
kisha, baada ya kufikiri, akaongeza moja.
"Ya mnyororo," akasema.
"Hilo deni ni la Idwal."