Kodi ya Karabai

Risiti ninayo, ndani ya mkebe wa halua:
"Karabai moja, usiku mmoja, shilingi mbili u nusu."
Wino wa zambarau, mwaka wa sitini na tatu,
na sahihi ya msimamizi wa kura, Mtongwe,
ambaye nusu ya jina lake imeliwa na mende.
Baba, Mwidani Shekuwe, fundi wa majiko ya bati,
alikopesha taa, jimbo likapata mbunge.
Hakulipwa. Akasema, "Serikali changa hii,
tusubiri iote meno."

Iliota. Ya juu ndiyo yaliyotangulia.

Sabini na nne wagombea walikwenda kwa alama:
jogoo, baiskeli, jembe, saa, kiti,
na Bwana Famau Ngao akaangukiwa na taa.
Mawakala wakaiona ya kwetu mezani, inavuma,
wakaruka: "Hiyo inampigia kampeni!"
Ikatolewa nje. Zikahesabiwa kwa mshumaa.
Famau akashindwa kwa kura tisa,
na hata leo wajukuu zake wakitupita
hawatuamkii.

Themanini na tatu siikumbuki. Nilikuwa na mimba ya Mwanakheri.
Nakumbuka sukari, ratili mbili,
na kwamba ilikuwa na mchanga.

Themanini na nane karabai haikuhitajika.
Tulipangwa mchana kweupe, kila mtu nyuma ya picha.
Mstari wetu ulianzia golini, ukazunguka choo,
ukatoka hadi kwa muuza mihogo.
Ule wa pili ungeunywesha chai kwa birika moja.
Birika likashinda.
Baba alirudi nyumbani, akaitazama taa msumarini,
akaiambia, "Leo hata wewe usingetufaa."
Alikufa kabla ya vyama vingi.

Ikaja kwangu, pamoja na deni.

Tisini na mbili mawakala kumi na mmoja waliizunguka
kama wacheza karata wasioaminiana.
Tisini na saba, jioni, karani alisoma majina
ya wasiotokea:
Akoth. Musembi. Nyambura.
Akarudia, Akoth.
Tangu Agosti nyumba zao zilikuwa zimebaki kuta.
Mimi nilijua Akoth alikokwenda, na kwa lori gani,
na nani alichukua cherehani yake.
Nilipampu taa. Haikuhitaji kupampiwa.

Kila mmoja wao aliahidi stima.
Mmoja alileta hata nguzo, ishirini na mbili, zinanuka lami,
zikalazwa kando ya njia wiki nzima, watoto wakazikalia.
Uchaguzi Alhamisi. Jumatatu lori lilikuja kuzipakia.
Mwingine alishinda, jaji akafuta ushindi
kwa sababu fomu haikupigwa muhuri,
tukarudia kwenye tope, akashinda yule yule,
kwa kura chache zaidi na tumbo kubwa zaidi.

Elfu mbili kumi na tatu waliletewa mashine ya kusoma vidole.
Vyangu haikuvisoma. Vitunguu na majivu, miaka hamsini,
vimefuta kila kilichoandikwa.
Saa nne asubuhi betri ikafa
na karani akatoa daftari chini ya meza
kama mtu anayetoa sigara mbele ya wakwe.

Sasa stima ipo. Sikatai. Darasa la pili lina taa mbili ndefu,
na juzi, boksi la tatu likiwa limemwagwa mezani,
zikazimika zote kwa pamoja.
Msimamizi alikuwa msichana, Zawena, umri wa mjukuu wangu.
Alimtuma askari: "Nasikia kuna bibi ana karabai."

Nilikwenda nayo. Nilifuta kioo kwa pembe ya leso.
Alitaka kusaidia, nikamzuia mkono:
soksi yake ni jivu tupu, mwanangu,
limesimama kwa mazoea, ukiligusa linamwagika.
"Tutakulipa," akasema, kalamu tayari. "Niandike jina gani?"
Mwidani Shekuwe, nikamwambia.
Akaandika.

Nikapampu. Ikaanza kuvuma.
Wakasogeza viti, wakaanza tena, moja,
mbili, hii imeharibika,
tatu.